Breki Kwanza, Rangi Mwisho: Kufufua Baiskeli ya Watu Wawili

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wanagenzi, wakufunzi na wazazi katika siku ya wazi ya chuo cha ufundi.



Kazi yangu ya kila siku ni kuandika habari za kaunti, si kukaza nati. Nimealikwa hapa kwa sababu nyumbani kwetu tulifufua baiskeli isiyo ya kawaida: ile ndefu ya watu wawili, ambayo wanamichezo huiita tandemu. Ina fremu moja, magurudumu mawili, viti viwili na jozi mbili za pedali. Wa mbele hushika usukani, breki na gia. Wa nyuma huchangia nguvu za miguu. Kwetu sisi, anayekaa nyuma ni shemeji yangu, ambaye haoni.

Wengine watadhani hiki ni chombo cha watalii. Sivyo. Mkenya mwenzetu Douglas Sidialo, aliyepoteza uwezo wa kuona katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ameendesha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town. Katika Michezo ya Paralimpiki, wasioona hushindana kwa baiskeli hizi, mwenzao anayeona akiwa mbele. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Baiskeli moja haimalizi deni hilo. Lakini mtu anayekwenda sokoni au kanisani kwa nguvu za miguu yake mwenyewe si mzigo wa mtu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 20 ni kilo 90. Watu wawili wa kilo 70 juu ya tandemu ya kilo 25 ni kilo 165. Kwa mwendo uleule, breki zina karibu kazi maradufu. Tena kwenye mteremko, wa nyuma amejificha mgongoni mwa wa mbele, kwa hivyo upepo hauwazuii kama ambavyo ungewazuia wawili walio kwenye baiskeli mbili. Tandemu hushuka kwa kasi. Ukiibana breki muda mrefu, rimu hupata moto, na joto hilo laweza kupasua tairi. Na yule wa nyuma haoni kinachokuja. Amekukabidhi maisha yake.

Ndiyo maana nasema breki kwanza, rangi mwisho. Wengi wetu tukipata baiskeli kuukuu tunakimbilia kopo la rangi. Rangi huficha.

Anzeni na fremu. Ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke, kisha ikaguliwe kila kiungo juani. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza kwenye rangi mara nyingi ni ufa. Baada ya hapo chukueni uzi. Ufungeni pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, uzungusheni mbele kwenye shingo ya usukani, urudi hadi upande wa kushoto. Pimeni umbali kati ya uzi na mabomba ya viti, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, fremu imepinda. Fremu yenye ufa au iliyopinda si kazi ya uani. Ipelekeni kwa mchomeleaji anayejua mabomba membamba, na akisema haifai, mwaminini. Ufa hauzibwi kwa rangi.

Pili, magurudumu. Baiskeli nyingi za zamani zina rimu za chuma zilizopakwa kromu. Hizo zikilowa mvua, breki huteleza. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi, na kwa fedha kidogo mlizo nazo, hapo ndipo pa kuzitumia kwanza. Gurudumu la tandemu linataka spoki nyingi: 36 ni za kuanzia, 40 au 48 ni bora. Zigongeni spoki moja moja kwa kucha. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Kazi hiyo aliifanya shemeji, na sikio lake lilikuwa kali kuliko langu. Gololi zilioshwa kwa mafuta ya taa, zilizoliwa zikabadilishwa na mpya za ukubwa uleule, grisi ikatiwa. Kisha alishika ekseli kwa vidole, akaizungusha polepole na kutuambia ni wapi bado inakwaruza. Mwenzetu asiyeona akiwa na nafasi kwenye baiskeli, basi na karakana pia ana nafasi yake.

Tatu, breki zenyewe. Ziwe mbili, kila moja ikifanya kazi bila kutegemea nyingine. Waya wa kawaida wa breki ya nyuma haufiki kwenye tandemu. Tafuteni mrefu, wala msiunganishe vipande viwili. Ikiwa fremu ina mahali pa kufungia breki ya diski, au habu ya nyuma ina breki ya ndani, mtafaidika sana kwenye miteremko mirefu. Zijaribuni kwa hatua: kwanza mkiisukuma kwa miguu, kisha akipanda mmoja, kisha wawili kwenye uwanja tambarare, ndipo mwende kwenye mteremko mdogo.

Nne, minyororo, maana ipo miwili. Wa kushoto huunganisha pedali za mbele na za nyuma. Wa kulia hupeleka nguvu gurudumuni. Meno ya duara mbili za kushoto huwa sawa ili miguu yote izunguke pamoja. Mnyororo mmoja wa dukani ni mfupi kwa upande huo, kwa hivyo nunueni miwili ya aina moja muunganishe. Ukiinua katikati kwa kidole, ucheze kama sentimita moja. Ukikazwa mno unakula gololi. Ukilegea unatoka, na wote wawili mnabaki mkikanyaga hewa. Mnyororo wa zamani upimeni kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, umechoka. Na mkumbuke pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume. Kwenye tandemu zipo mbili za namna hiyo. Asiyejua huharibu mikono miwili ya pedali badala ya mmoja.

Tano, maneno. Hiki ni kifaa kisichouzwa dukani. Wa mbele lazima aseme kabla ya kutenda: “tunaanza”, “tuta”, “shimo kulia”, “acha kukanyaga”, “nafunga breki”. Kubalianeni ni mguu upi unaoanza. Wa nyuma akisema “simama”, mnasimama kwanza, maswali baadaye. Fanyeni mazoezi uwanjani siku kadhaa kabla ya kuingia barabarani.

Baada ya hayo yote, pakeni rangi mtakayo, mfunge taa na viakisi mwanga mbele na nyuma. Shemeji alichagua nyekundu. Alisema yeye haimhusu, lakini madereva wa matatu inawahusu.

Wanagenzi, Jedwali la Nne la Katiba limeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba fundi atakayemhudumia jirani yetu atatoka kwenye vyumba hivi. Mtu akiwaletea baiskeli kuukuu na kuwaomba rangi tu, muulizeni kwanza nani atakaa nyuma. Kisha mkaguane: aliyefunga breki asiwe ndiye anayeipitisha. Mwenzake aje aishike, aivute, aseme imekubali. Ni dakika tano za kazi, na watu wawili wanarudi nyumbani salama.