Vitambaa vya Blanketi za Viraka: Tusimalize Pesa za Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

 

Leo tuzungumze juu ya vitambaa. Vikundi vingi vikitaka kushona blanketi za viraka, huchukua pesa kwa mwekahazina na kukimbilia dukani. Pesa zinakwisha, blanketi haijaisha, na watu wanaanza kununiana. Wapendwa, kazi hii haianzii dukani. Inaanzia nyumbani.

Kwanza, pigeni hesabu. Blanketi ya mtu mmoja yaweza kuwa na upana wa sentimita 135 na urefu wa sentimita 180. Mkitumia viraka vya sentimita 15, mtahitaji 9 kwa upana na 12 kwa urefu, yaani 108. Kila kimoja kateni sentimita 17, ili sentimita moja ya kila upande iingie kwenye mshono. Mgongo wa shati kubwa la mwanamume hutoa viraka 9. Kwa hivyo migongo ya mashati 12 inatosha blanketi nzima, na mikono inabaki kwa kazi nyingine.

Pili, mtapata wapi? Kila mwanachama alete nguo moja ya pamba iliyochakaa kolani lakini mgongo bado mzima. Mwendeeni fundi wa cherehani mumwombe vile vipande anavyofagia jioni. Msiende mikono mitupu, mpelekeeni hata mboga kidogo, naye atawawekea. Kwenye mitumba, nendeni jioni soko likifungwa, wakati muuzaji hataki kubeba mzigo kurudi nao. Shati lenye doa hakuna anayelitaka, lakini doa hukatwa likatupwa. Kwa upande wa chini, doti moja ya leso kuukuu, ikikatwa na kuunganishwa, inatosha. Katikati wekeni blanketi nzee.

Tatu, pimeni kabla ya kukata. Chomoeni nyuzi kidogo mzichome kwa kiberiti, mbali na kitambaa chenyewe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hizo zitengeni. Kisha sugueni kitambaa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kitachafua vingine vyote siku ya kufua. Na kitambaa kipya cha pamba lazima kifuliwe kwanza, maana hupungua. Kikipungua kikiwa kimeshashonwa, blanketi itajikunja.

Nne, wekeni akiba, lakini kwa kiasi. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa. Aliyekuwa na gunia lake aliendelea kushona. Lakini msirundike msivyotumia, panya na unyevu havina huruma. Fueni, anikeni vikauke kabisa, pangeni kwa rangi, za giza mbali na nyeupe.

Na sasa jambo ambalo huvunja vikundi. Gunia linakaa nyumbani kwa nani? Mmoja akichukua kipande kizuri cha kumshonea mtoto gauni, mwingine ataona, na maneno yataanza. Andikeni kwenye daftari kila kinacholetwa, nani amekileta, na kila kinachotoka. Watu wawili wahesabu kila mwezi mbele ya wote. Huku si kumshuku mwenzetu, ni kumlinda asisingiziwe.

Tena mkubaliane mapema: blanketi ngapi za kuuza, ngapi za kubaki. Katika Matendo sura ya 9 tunasoma juu ya Dorkasi. Alipokufa, wajane walionyesha nguo alizowashonea. Julai ikifika, baridi ya Kinangop inamjua mzee anayelala peke yake. Basi katika kila blanketi mtakazouza, mkumbukeni huyo pia.

Mkirudi nyumbani, kila mmoja afungue sanduku lake aangalie. Mkutano ujao, njooni na shati moja moja.