Chama Nacho ni Mwajiri
(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa Nyangoto katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama)



Katika miaka kumi hii tumejifunza kupima mazao, kutunza vitabu na kudai bei ya haki. Leo twaomba kuwakumbusha kwamba sisi tuliozoea kudai haki tu waajiri pia. Karani wa mizani, mtunza ghala, mlinzi wa usiku na wachumaji wa kahawa wa msimu hula kwa ujira utokao mikononi mwetu.

Kazi huongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni mapendekezo ya kuirekebisha, na mapema mwaka 2025 Bunge likayapitisha. Basi hayo si mapendekezo tena. Ni sheria, na hatuna budi kuyajua.

Kwanza, mkataba. Afanyaye kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi yampasa apewe masharti yake kwa maandishi. Marekebisho yamepanua nafasi ya mkataba wa muda maalumu hata kwa asiye mtaalamu, zikiwamo kazi za msimu. Nafasi hiyo yatufaa, lakini na iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, saa za kazi. Kwa kawaida ni 45 kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku huongezewa asilimia 5. Mlinzi akeshaye ghalani juma zima bila siku ya mapumziko anadhulumiwa, hata akinyamaza.

Tatu, uzazi. Likizo yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja. Kwa marekebisho, mama wa mtoto njiti huongezewa muda hadi zitimie wiki 40 za mimba.

Nne, na hili ndilo zito, kumwachisha mtu kazi. Mara nyingine wajumbe hukutana jioni wakiwa na hasira, na asubuhi mtunza ghala huambiwa arudishe funguo. Sheria yataka sababu halali, na mtu aelezwe kosa lake na asikilizwe. Aachishwaye bila sababu halali aweza kupewa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 3,600,000. Fedha hizo hazitatoka mfukoni mwa Mwenyekiti wala Katibu. Zitatoka katika kahawa yenu. Penye ubaguzi au udhalilishaji wa kijinsia, fidia huzidi.

Tano, watoto. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari, iwe shambani au machimboni.

Ndugu zetu, twawasihi kila chama cha msingi, kabla ya msimu ujao, kikague mikataba yake, daftari la saa na taratibu zake za nidhamu. Chama kilichoundwa ili mkulima asinyonywe hakiwezi kumnyonya mtu mwingine chini ya paa lake.

Udumu Ushirika.