Mkasi, Gundi na Picha ya Marehemu

Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, sogeeni mbele.

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala mkopo. Tunazungumza juu ya picha. Sisi tunaotembelea wajane na wagane hapa Eldoret tumeona jambo moja katika nyumba nyingi: ile picha kubwa iliyobebwa mbele ya jeneza imegeuzwa uso ukutani, au imefichwa chini ya kitanda. Ukiuliza unaambiwa, "Nikimwona nalia." Hatumlaumu mtu. Picha ile ni ya matanga. Haimwonyeshi mzee akikama ng'ombe au akitaniana na watoto.

Basi tukaanza kukaa nao Jumamosi, tukiwa na mkasi, gundi, manila na rangi za watoto. Mama mmoja hakuwa na picha hata moja ya yeye na bwanake pamoja. Zote ziliungua na nyumba Januari 2008, wakati wa zile vurugu za uchaguzi. Baadaye mzee alifariki, akaacha picha moja ndogo ya pasipoti. Tuliipeleka studio mjini ikakuzwa. Mama akaukata ule uso, akaubandika kando ya picha yake mwenyewe, akachora shamba la mahindi nyuma yao, na baisikeli. Hiyo baisikeli ilichukua saa nzima! Alichora huku akitusimulia jinsi mzee alivyombeba juu yake usiku kumpeleka kliniki kujifungua. Tangu mazishi hatukuwa tumemsikia akilitaja jina lake.

Wengine watasema huo ni uzungu. Hapana. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor, mwenye studio, alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha upya apendavyo. Nao akina mama wa NACWOLA, chama kilichoanzishwa Uganda mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walitengeneza vitabu vya kumbukumbu. Mzazi anaandika habari za ukoo na kubandika picha, ili watoto wajue walikotoka. Huko kazi ilianza mzazi akiwa bado hai, na sisi pia tungependa hivyo.

Lakini kuna kosa tulilolifanya, na tunalisema wazi. Baba mmoja alileta picha yake ya harusi, ya pekee. Tulimwacha aikate. Gundi ikamwagika ikaharibu uso wa mkewe. Hakusema neno, alikusanya vipande akaenda zake. Tulimfuata nyumbani kuomba msamaha. Alitupa chai, lakini kikundini hajarudi.

Kwa hiyo sasa hakuna kukata picha ya asili. Peleka kwanza itolewe kopi, ya asili irudi kwenye bahasha. Na zile zilizo kwenye simu zichapishwe, kwa maana simu ikiibwa si mnajua mambo yameisha?

Asiyekuwa tayari asilazimishwe, hata na mashemeji. Aje tu akae, anywe chai.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tutazileta hizi picha kwenye jumuiya. Asiye na picha yoyote alete kipande cha shati lake mzee, au leso ya mama. Gundi inashika kitambaa pia.