Kushukiwa Si Kuhukumiwa: Haki Yako Matokeo Yakifutwa

(Mazungumzo na vijana, Funzi)



Ndugu na dada zangu, leo tuzungumzie herufi moja: Y. Ukiikuta mahali pa gredi yako ya KCSE, ujue Baraza la Mitihani, KNEC, limefuta matokeo yako kwa udanganyifu. Mtihani wa 2015 peke yake, watahiniwa 5,101 walifutiwa.

Tuwe wakweli. Wizi wa mtihani ni wizi. Chini ya Sheria ya KNEC ya 2012, anayevujisha mtihani anaweza kufungwa miaka 10, au faini ya shilingi milioni 2, au vyote viwili. Hatukuja kumtetea mwizi.

Lakini karatasi za mtihani ziko mikononi mwa watu wazima. Wao wakifanya mchezo, chumba kizima chaweza kushukiwa, pamoja na yule aliyekesha akisoma. Huyu anaambiwa lini? Akijua siku ya matokeo, ameshachelewa. Nafasi ya chuo na basari hazimngoji.

Hata Marekani wamepitia haya. Mwaka 2011 huko Great Neck, New York, vijana walikamatwa kwa kuwalipa wengine wawafanyie mtihani wa SAT. Ikajulikana kwamba wakati huo waendesha mtihani wakimshuku mtu walikuwa wakifuta alama kimya kimya, shule haikuambiwa. Watu wakadai sheria ya kulazimisha shule ziarifiwe.

Sisi tuna pa kushika. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa ofisi ya umma ukigusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza inaongeza: uarifiwe kabla ya uamuzi, usikilizwe, uonyeshwe ushahidi, na uambiwe unavyoweza kukata rufaa.

Basi likitokea, fanyeni hivi:

1. Mwalimu mkuu aiandikie KNEC: kosa gani, somo gani, ushahidi gani? Asijibiwe kwa simu tu.

2. Mzazi naye aandike barua yake, yenye jina na nambari ya mtahiniwa. Nakala ipigwe muhuri, iwekwe nyumbani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu.

3. Mkinyimwa jibu, msikate tamaa. Kuna jopo la rufaa za mitihani, na kuna Mahakama Kuu.

Na mbunge wetu akija kuomba kura, tumwambie: tunataka sheria ya mitihani yenyewe iseme waziwazi, shule na mtahiniwa waarifiwe kwa barua ndani ya siku maalumu tangu shaka inapoingia, kabla matokeo hayajatangazwa. Aliyeiba atajulikana. Asiyeiba atapata nafasi ya kujitetea.

Walio Form Four mwaka huu, someni. Mkiletewa "leakage" kwa simu, ikataeni na mumwambie mwalimu mnayemwamini. Ukiwa na mikono misafi ndiyo utaweza kusimama kudai haki yako.