Kusuta Si Kutukana

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)



Nimetakiwa niseme juu ya vibonzo vya siasa: ni wakati gani vinakuwa kejeli yenye manufaa, na ni wakati gani vinageuka kuwa matusi. Wengi wetu hulijibu swali hili haraka. Wapo wasemao kwamba picha yoyote inayomuudhi kiongozi ni utovu wa adabu, na ipigwe marufuku. Wapo pia wasemao kwamba mchoraji ni mtu huru, achore apendavyo, na anayeumia akae na uchungu wake. Mimi naona makundi yote mawili yamepotea njia kwa sababu moja: yanapima kibonzo kwa maumivu ya aliyechorwa. La kwanza linasema ameumia, basi ni kosa. La pili linasema ameumia, basi ni ushujaa. Lakini maumivu si mizani. Mwizi aliyekamatwa huumia, na mtu mwema aliyesingiziwa huumia vile vile.

Mizani iliyo bora tunayo katika lugha yetu wenyewe. Mswahili hutofautisha kusuta na kutukana. Anayekwenda kumsuta mwenzake hana budi kuwa na kisa: neno fulani lilisemwa, siku fulani, mbele ya fulani, na aliyelisikia yupo. Anayesutwa aweza kujibu, aweza kukana, aweza kuomba radhi. Mtukanaji hahitaji kisa wala shahidi. Humtajia mtu mama yake, kabila lake, rangi yake au ulemavu wake. Na aliyetukanwa hana la kujibu, kwa kuwa hakushitakiwa kwa tendo lolote. Atajirekebishaje? Hawezi kuzaliwa upya.

Basi hoja yangu ya leo ni fupi. Kibonzo kinachosuta tendo ni kejeli halali, hata kikimchoma mkubwa kiasi gani. Kibonzo kinachotukana asili ya mtu ni tusi, hata kikichorwa kwa ustadi na kuwachekesha wengi.

Nitatoa mfano wa mchoraji mmoja wa Marekani, kwa sababu mkono wake ulifanya yote mawili, tena katika mwaka mmoja.

Thomas Nast alizaliwa Ujerumani mwaka 1840, akapelekwa New York akiwa mtoto, akaja kuwa mchoraji wa gazeti la kila wiki liitwalo Harper's Weekly. Wakati huo mji wa New York ulikuwa mikononi mwa William Tweed, bwana mkubwa wa chama cha Democratic mjini humo, pamoja na wenzake wachache. Jengo la mahakama lililokadiriwa kugharimu dola 250,000 lilikuja kumeza zaidi ya dola milioni 12, na sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia mifukoni mwa kundi hilo na makandarasi wao. Mwezi Julai 1871 gazeti la New York Times likazichapa hesabu zenyewe.

Hesabu, kama mjuavyo, ni chakula kikavu. Nast alikitilia mchuzi. Tarehe 19 Agosti 1871 aliwachora wakubwa hao wamesimama kwa duara, Tweed akiwa mbele na tumbo lake. Chini pana swali: nani kaiba fedha za wananchi? Na kila mmoja anamwonyesha kidole jirani yake, mpaka duara linakwisha na jibu halikupatikana. Yeyote aliyepata kukaa katika kikao cha kuchunguza upotevu wa fedha za ofisi anaielewa picha hiyo bila kuelezwa. Mwezi Oktoba akamchora Tweed akiwa na mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Inasimuliwa kwamba Tweed hakujali sana yaliyoandikwa, kwa kuwa wengi wa waliompigia kura hawakujua kusoma. Lakini alilalamika kwamba picha wanaziona.

Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo wengi wa kundi la Tweed waliangushwa. Yeye mwenyewe alihukumiwa mwaka 1873, akatoroka mwaka 1875, akakamatwa Hispania mwaka 1876. Kilichowasaidia maofisa wa huko kumtambua kilikuwa kibonzo cha Nast. Alikufa kifungoni mwaka 1878.

Kwa nini kibonzo kile kilifanya kazi? Kwanza, kisa kilikuwapo na ushahidi ulikuwa umekwisha kuchapwa, mchoraji hakuzua. Pili, mshitakiwa alikuwa na jina na cheo, na alikuwa na kila njia ya kujibu. Tatu, hata umbo lake lilichorwa kwa hoja. Tweed alikuwa mnene kweli, lakini Nast hakumcheka kwa unene. Tumbo lile lilikuwa ghala: ndani yake yaliwekwa majengo, barabara na mishahara ya wananchi wa New York. Tumbo lilibeba tendo.

Sasa tufunue ukurasa mwingine wa gazeti lile lile. Tarehe 2 Septemba 1871 Nast alichora mtu wa Ireland mwenye sura ya nyani, amekaa juu ya pipa la baruti, chupa mkono mmoja na mwenge mkono wa pili. Wiki nne baadaye aliwachora maaskofu wa Kikatoliki kama mamba watokao mtoni kuja kuwala watoto wa shule. Kofia zao za kiaskofu ndizo taya. Lilikuwapo jambo la haki la kujadiliwa, yaani kama fedha za umma zisaidie shule za dini. Swali hilo lilistahili kuchorwa. Lakini mamba haulizwi swali, na hajibu, mamba huuawa. Na nyani yule hakuwa Fulani bin Fulani aliyefanya hili na lile. Alikuwa kila mhamiaji kutoka Ireland, pamoja na mpagazi wa bandarini na mtumishi wa ndani ambao hawakuiba hata senti moja ya mji.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Mwaka 1865 Nast huyu huyu alimchora askari Mweusi aliyepoteza mguu vitani, akauliza kwa nini mtu kama huyu anyimwe kura. Mwaka 1874 aliwachora wabunge Weusi wa South Carolina wakizozana kama wehu, kwa midomo na macho ya dhihaka ile tunayoijua sana sisi, maana wakoloni walitujazia vitabuni mwao. Kama kulikuwa na mbunge aliyekula rushwa, angemchora mbunge huyo na rushwa yake. Alichora rangi.

Ndugu zangu, tazameni tofauti ya mwisho wake. Picha za Tweed zilikwisha na Tweed. Alipofungwa, deni lilikuwa limelipwa. Picha ya nyani haikuwa na mwisho, kwa kuwa haikuwa na mkosaji. Kila mtoto wa Ireland aliyezaliwa baadaye aliikuta imekwisha kuchorwa, ikimngoja.

Mtaniuliza: ni nani basi ataamua kwamba hiki ni kusuta na hiki ni kutukana? Najua jibu moja tu lisilofaa kabisa, nalo ni kumwachia mwenye cheo aliyechorwa. Ufaransa ilijaribu. Mwaka 1831 Charles Philipon alishitakiwa kwa kumkashifu Mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama alichora kichwa cha mfalme kikigeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la pea, akiuliza ni hatua ipi iliyo kosa la jinai. Alifungwa miezi sita na kutozwa faranga 2,000. Mwenzake, Honoré Daumier, alimchora mfalme kama jitu limezalo magunia ya fedha yanayopandishwa na maskini. Naye alihukumiwa miezi sita, akaingia gerezani mwaka 1832. Mwaka 1835 ikatungwa sheria kwamba picha zote zikaguliwe kabla ya kuchapwa. Magunia yale yalikuwa kodi, na kodi ni tendo la serikali. Mfalme alipaswa kujibu juu ya kodi. Akajibu juu ya heshima yake. Mwaka 1848 alikimbilia Uingereza, na hapakuwa na kibonzo kilichomfukuza. Walimfukuza watu ambao malalamiko yao hayakusikilizwa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu ya ukweli. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapa vibonzo 12 juu ya Mtume Muhammad. Adabu inanizuia kuvieleza. Waliovitetea walisema wanapigania uhuru wa kusema. Nami nauliza swali langu lile lile: ni tendo la nani lililosutwa? Makosa ya watu wachache yalitwikwa imani ya mamilioni ya watu, na wengi wao ni wahamiaji wanyonge katika nchi hizo. Mwaka uliofuata watu walikufa katika ghasia za nchi kadhaa. Na tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa mjini Paris katika shambulio la ofisi ya gazeti la Charlie Hebdo, lililokuwa nalo limechapa picha za namna hiyo. Hapa sitaki nieleweke vibaya hata kidogo. Aliyetukanwa ana haki ya kukasirika, kulaani, na kukataa kulinunua gazeti. Hana haki ya kuua. Anayejibu kalamu kwa risasi anajitwika kosa kubwa kuliko lile alilotendewa.

Na tusidhani kwamba hatari ya tusi iko mbali nasi. Katika nchi jirani ya Rwanda, gazeti la Kangura, lililoanza kutoka mwaka 1990, liliwaita Watutsi mende, kwa maandishi na kwa picha. Jalada lake moja la mwishoni mwa mwaka 1991 lilionyesha panga, pamoja na swali kwamba ni silaha gani itumike ili kuwamaliza mende hao. Miaka michache baadaye, Aprili 1994, jibu lilitolewa kwa mapanga vijijini. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa hapa kwetu Arusha, na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, tarehe 3 Desemba 2003. Na miongoni mwa makosa aliyotiwa hatiani lilikuwamo la kuchochea mauaji ya kimbari kwa gazeti lake. Alipewa kifungo cha maisha, ambacho rufaa ya mwaka 2007 ilikifanya miaka 35. Mende ni ndugu wa nyani wa Nast na mamba wake. Mtu akisha kufanywa mdudu katika picha, anayemkanyaga hajioni muuaji.

Sasa turudi kwetu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Na katika miaka hiyo hiyo gazeti la Chama lenyewe, Uhuru, lilikuwa likichapa vibonzo vya Christian Gregory, baba wa Chakubanga, ambaye watu wazima na watoto walimcheka na kujicheka. Sioni mgongano wowote hapo. Chama kinachowakataza viongozi wake majivuno hakina budi kuvumilia mtu wa kuyachora majivuno hayo yanapotokea. Kiongozi asiyetaka kuchorwa akilala kikaoni ana dawa nyepesi: akae macho.

Nitamaliza kwa kujishitaki mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya bweni, nilichora picha mbili. Ya kwanza niliibandika mlangoni pa bwalo: mtunza stoo wetu akinenepa kwa hatua nne, na sahani ya mwanafunzi ikipungua maharage kwa hatua nne. Mkuu wa shule akaita gwaride, akauliza ni nani, nikajitokeza nikitetemeka. Alisema kwamba kwanza atakwenda kuhesabu magunia, kisha ndipo atajua la kunifanya. Alihesabu. Mimi sikuchapwa, na maharage yakarudi.

Nilivimba kichwa. Mwezi uliofuata nikamchora ubaoni mwalimu wetu wa hisabati, aliyekuwa akichechemea tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza. Darasa lilicheka kuliko lilivyocheka siku ya maharage. Mwalimu akaingia, akaitazama picha, akaifuta mwenyewe taratibu, akaanza kufundisha. Hakuuliza ni nani. Angeuliza nini? Hapakuwa na magunia ya kuhesabu.

Wakati ule nilidhani nimepona kwa mara ya pili. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kazi ya gazeti na kupokea vibonzo vya wengine mezani, ndipo nilipofahamu kwamba siku ile nilipaswa kuadhibiwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwanafunzi akikuchora ukutani, au karani akiweka picha yako kwenye ubao wa matangazo, usianze kwa kutafuta mkono uliochora. Itazame picha kwanza. Ikiwa inasema unachelewa, tazama saa yako. Ikiwa inasema unaonea, muulize unayemwamini. Na ikiwa imetaja kabila lako, dini yako au ulemavu wako, basi hapo umetukanwa, na wajibu wa kumwonya aliyefanya hivyo ni wetu sote, nao wasiochorwa wakiwa wa kwanza.