Mvua ya Saa Moja, Kipimo cha Siku Nzima: Utabiri wa Mafuriko ya Ghafla Nyanda za Juu Kusini

Mada kwa warsha ya wataalamu wa hali ya hewa, maji na kilimo, Uyole, Mbeya

Utangulizi

Maana ya mafuriko ya ghafla tunaijua sote: maji yanayofika ndani ya saa chache, pengine dakika, baada ya mvua kubwa. Msimu wetu nao ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mvua zake ni za radi. Asubuhi jua kali, mchana mawingu yanajijenga juu ya Rungwe, Loleza na Kipengere, alasiri inamwagika. Sitakaa hapo.

Tatizo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huhesabu kuwa mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kigezo hicho kina kazi yake. Lakini tazameni kinavyopatikana. Saa 3 asubuhi mwangalizi anafungua kipimamvua, anamimina maji kwenye chombo chenye alama, anaandika namba moja. Namba hiyo haisemi kama mvua ilinyesha taratibu usiku kucha au ilishuka yote kati ya saa 9 na saa 10 alasiri.

Milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000 za maji. Yakija kwa siku nzima, ardhi inayanywa mengi. Yakija kwa saa moja, juu ya udongo uliokwisha kushiba, yanafuata korongo, na makorongo yetu siku hizi yana nyumba.

Tarehe 14 Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba na majengo ya shule Itezi, jirani kabisa na hapa tulipokaa. Nchi ilikuwa imeshatahadharishwa kuhusu El Niño tangu mwaka uliotangulia. Tahadhari ya namna hiyo inaeleza msimu. Haiwezi kutaja mteremko wala saa. Huko Usangu, mkulima wa mpunga huona maji yakipanda kwenye majaruba huku mbingu kwake ni nyeupe, kwa sababu imenyesha milimani inakotoka mito ya Mbarali, Kimani na Chimala. Angalizo la "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa" ni sahihi kitaalamu, ila halimwambii atoe ng'ombe bondeni saa ngapi.

Nimelisema hili katika vikao vingi, na bila kumlaumu yeyote, jibu limekuwa lilelile: suala linafanyiwa kazi.

Rada zimeongezwa, Mbeya ikiwamo, na hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo mawimbi ya rada huzuiwa na milima, na bonde lililo nyuma ya kilele halionekani vizuri. Vipimamvua vyetu vingi navyo viko bomani, misioni na kwenye mashamba ya utafiti, palipo na mtu wa kuvisoma. Mvua inayoua inanyesha juu zaidi ya hapo.

Mapendekezo

Kwanza, mvua ipimwe kwa dakika. Vipimamvua vinavyojiendesha viwekwe kwenye vyanzo vya mito na juu ya makorongo yenye watu chini yake, na vitume taarifa kwa simu.

Pili, kila korongo liwe na kiwango chake cha hatari. Kiwango cha Kawetere hakiwezi kuwa cha Kyela au cha Ruaha Mdogo pale Iringa. Kiwango hicho hakipatikani bila kumbukumbu za dakika, kwa hiyo narudi pale pale kwenye pendekezo la kwanza.

Tatu, maji ya eneo hili yanagawanyika kwenda Rufiji, Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa, na kila bonde lina bodi yake. Wingu moja la radi halijui mipaka hiyo. Bodi hizi na TMA zikubaliane taarifa ya dakika ipite vipi jioni ya sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa.

Nne, na hili naliomba kwa msisitizo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwenyekiti wa mtaa aruhusiwe kuamuru watu watoke korongoni bila kusubiri barua, kwa kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti. Naelewa kwamba kutoa tahadhari za hali ya hewa ni jukumu la TMA kisheria. Kengele ya korongo si utabiri. Inawaambia watu kwamba mvua imeshanyesha mlimani juu yao na maji yako njiani.

Tano, gharama za matengenezo ya vifaa ziingie kwenye bajeti za halmashauri tangu mwaka wa kwanza. Kifaa kilichokufa betri Januari hakina faida Februari.

Vipimamvua vya mwanzo viwekwe Kawetere, kabla ya Novemba.