Insha ya Binti Yangu

Juzi binti yangu wa darasa la nne alirudi na insha, "Safari Yangu ya Mbuga za Wanyama". Amepata 9 kwa 10. Mtoto huyu hajakanyaga mbuga yoyote. Nilipomwuliza, akajibu bila wasiwasi: "Baba, mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili."

Simlaumu mwalimu, ana watoto zaidi ya 80. Lakini kunakili si kuandika. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 hapa Tanzania, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili. Kimoja tu chatosha darasa zima. Mwalimu asome kwa sauti, afike pale Fisi anapofunua chungu cha Sungura, afunge kitabu. Haya, malizieni wenyewe!

Nilijaribu nyumbani. Binti yangu alimwacha Fisi ale ashibe, kisha akamwumiza tumbo, akampeleka zahanati, akakuta dawa zimekwisha. Sentensi sita, makosa ya tahajia manne. Nimeiweka kabatini. Ile ya mbuga sijui iko wapi.